KUTA ZA MJI MKONGWE NI MALI YA UMMA

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau methali hii ingepimwa leo katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mgeni angedhani kwamba huko hakuna kizuri hata kimoja kilichobaki, kwa jinsi kila kitu kinavyojitembeza. Vibao vya mbao, vya plastiki na vya taa vimejipanga juu ya milango. Mabango ya vitambaa yamefungwa kwenye roshani. Nguo, mikoba, vinyago na picha za tingatinga zimetundikwa ukutani kuanzia barazani hadi pale mkono wa mtu mzima unapofika. Na ubao wenye orodha ya vyakula umesimamishwa katikati ya njia ambayo tangu hapo ilikuwa haiwatoshi watu wawili wenye mizigo kupishana.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo. Watauliza: je, nchi yenye vijana wanaotafuta kazi, yenye hospitali na skuli za kujenga, ina nafasi ya kuzungumza habari ya vibao vya maduka? Sisi twasema inayo, tena ni wajibu wake. Kwani nyuma ya kila kibao kuna swali ambalo Chama chetu hakijapata kulikwepa tangu siku za kupigania uhuru, nalo ni hili: mji huu ni wa nani? Je, ni wa yule mwenye fedha za kununua kibao kikubwa kuliko wenzake, au ni wa wananchi wote wanaokaa humo, wanaofanya kazi humo, na wale watakaozaliwa baada yetu?

Jibu la historia halina utata. Mji Mkongwe ulijengwa kwa jasho la watu wengi. Mawe yake ni matumbawe yaliyochimbwa kwa mikono. Chokaa yake ilichomwa kwa kuni za mashamba yetu. Boriti zake ni miti ya mikoko iliyokatwa na kubebwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Waliokaa katika nyumba hizo walikuwa wachache, na waliozijenga walirudi kulala Ng'ambo na mashambani. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaligeuza hali hiyo. Nyumba nyingi zilitaifishwa, na wananchi wa kawaida wakapata makazi nyuma ya milango ile ile ambayo zamani walikuwa wakiipita kwa kuinamisha vichwa. Leo sehemu moja ya mji huo ni mali ya Serikali, sehemu nyingine ni wakfu, na sehemu nyingine ni ya watu binafsi. Lakini njia, viwanja, na sura ya mji kwa jumla ni mali isiyogawanyika. Hakuna hati ya nyumba inayompa mtu haki ya kumiliki macho ya wapita njia.

Serikali ya Mapinduzi ililitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1985 iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mpango mkuu wa hifadhi, uliotayarishwa kwa ushirikiano na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ulikamilika mwaka 1994. Mwaka 2000 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, yaani UNESCO, liliuingiza mji huo, wenye eneo la hekta 96, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2010 ikatungwa sheria mpya ya kuipa Mamlaka nguvu zaidi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tumekosa chombo au tumekosa sheria. Kinachohitajika ni nia, na nia hiyo iwe na haki ndani yake.

Yafaa tukumbuke kwamba mji huu haujawahi kuwa bubu. Ulikuwa ukijitangaza tangu zamani, tena kwa ufasaha. Mlango wa nakshi ndio uliokuwa kibao cha mwenye nyumba. Mpita njia akitazama kizingiti chake cha juu, maandishi yake, maua yake na njumu zake, alijua kwamba hapa pana mtu wa namna gani. Mlango wa duka nao ulikuwa wa namna yake: mbao nyembamba zilizokunjwa au kuondolewa asubuhi, duka zima likafunguka barabarani, na bidhaa zenyewe zikasema. Fundi cherehani alijulikana kwa mlio wa cherehani yake, muuza kahawa kwa mgongano wa vikombe vyake, sonara kwa nyundo yake ndogo. Hatusemi kwamba turudi huko, kwa maana dunia haisimami. Tunasema tu kwamba biashara na uzuri vilikaa nyumba moja katika mji huu kwa miaka mingi bila kugombana, na kwamba ugomvi wa leo ni wa kutengenezwa na binadamu, basi binadamu anaweza kuumaliza.

Hasara za vibao hivi visivyo na mpango ni tatu, nasi tutazitaja moja moja.

Hasara ya kwanza ni ya jengo lenyewe. Ukuta wa Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nao unapumua. Mtu anapopigilia humo misumari na vyuma vya kushikia kibao, hewa ya chumvi itokayo baharini inavila vyuma hivyo. Chuma kinaposhika kutu huvimba, na kikivimba hupasua lipu. Ufa huo huingiza maji ya mvua. Maji hushuka hadi kwenye ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta. Na boriti iliyolowa huoza kimya kimya, bila ya aliye chini kujua. Ongeza nyaya za umeme zinazotambaa nje kwenda kuwasha taa za kibao, karibu na mbao zilizokauka kwa miaka mia moja na zaidi, nawe umeweka hatari ya moto juu ya hatari ya kuanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekwisha kuona namna jengo kubwa linavyokufa. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake Desemba 25, 2020, na watu wakapoteza maisha. Jengo hilo halikuangushwa na kibao, wala hatutaki kumsingizia mtu. Tunalitaja kwa sababu lilitufundisha sote kwamba majengo haya yana umri, na kwamba mzee habebeshwi kila mzigo kwa kuwa tu hajalalamika.

Hasara ya pili ni ya njia. Kichochoro cha Mji Mkongwe kilipimwa kwa mtu, punda na mkokoteni. Katika njia hiyo hiyo leo anapita mama mjamzito, mtoto wa skuli, mzee mwenye mkongojo, hamali na mzigo wake, na jeneza likipelekwa msikitini. Bidhaa zikitandazwa nje pande zote mbili, njia inabaki uzi. Baraza, ambazo ni viti vya umma vya mji huu na mahali ambapo wazee hukaa kuzungumza na vijana hujifunza adabu, zimegeuzwa kuwa rafu za duka. Mkaazi hutoka mlangoni mwake kwa kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye mgeni. Na siku ya moto, mungu apishe mbali, ni nani atakayesubiri mpaka vinyago viondolewe ndipo mpira wa maji upite?

Hasara ya tatu ni ya haki, nayo ndiyo kubwa kwetu sisi wa Chama cha wakulima na wafanyakazi. Mashindano ya vibao hayana mwisho. Mmoja akiweka kibao cha mita moja, jirani yake ataweka cha mita mbili ili asifichwe. Wa tatu ataweka taa. Wa nne ataweka kibao kinachotokeza hadi katikati ya njia. Mwisho wake wote wamegharimika, na hakuna anayeonekana zaidi ya alivyoonekana mwanzo. Aliyefaidika ni mwenye mtaji mkubwa tu, kwa sababu yeye hachoki. Kampuni kubwa, ambayo pengine haina hata duka katika mtaa huo, humpa mwenye duka dogo kibao cha bure chenye jina la soda au la simu kwa herufi kubwa, na jina la mwenye duka kwa herufi ndogo pembeni. Mwenye duka hudhani amepewa zawadi. Kwa kweli ameazimisha ukuta wa umma kwa kampuni ile bila ya kodi, bila ya mkataba, bila ya mwisho. Huo ni mrija, na mrija haubadiliki jina kwa kupakwa rangi ya kupendeza.

Sasa tuisikilize hoja ya upande wa pili, maana tahariri isiyosikiliza ni kelele. Mfanyabiashara mdogo anasema hivi: "Duka langu limo ndani ya kichochoro cha tatu, baada ya kona mbili. Mwenye hoteli aliyeko pwani haoneshwi njia na mtu. Kila mgeni anamwona. Mimi mkiniondolea kibao changu, mmeniondolea sahani ya wanangu." Hoja hiyo ni ya kweli. Methali yetu ya kizuri chajiuza haimtoshi mtu huyu, kwani hata kizuri hakijiuzi ikiwa mnunuzi hakijui kilipo. Yeyote atakayekwenda kumvunjia kibao chake bila kumjibu hoja hiyo, atakuwa amechukua urithi wa wote akaufanya fimbo ya kumpigia mnyonge. Hilo hatuliungi mkono, wala hatutalinyamazia.

Lakini jawabu lipo, na miji mingine imelipata. Katika mji wa Salzburg, nchini Austria, ambao kiini chake cha kale kiliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, upo mtaa mwembamba uitwao Getreidegasse. Humo kila duka hutundika alama ya chuma kilichofuliwa kwa mkono, kwa desturi iliyoanzia zama ambazo wengi hawakujua kusoma: mkate, ufunguo, kiatu. Kampuni ya Marekani ya McDonald's ilipofungua mkahawa katika mtaa huo ilibidi nayo itundike alama ya chuma kama jirani zake. Wala haikufilisika. Watu huenda katika mtaa ule kutazama vibao, na wakitazama hununua.

Mfano wa pili ni wa São Paulo, mji mkubwa kuliko yote nchini Brazili. Mwaka 2006 baraza la mji huo lilipitisha sheria ya mji safi, ikaanza kutumika Januari 1, 2007. Mabango yote makubwa ya biashara yaliondolewa, maelfu kwa maelfu. Jina la duka lilibaki kuruhusiwa, lakini kwa kipimo: jengo ambalo uso wake haufiki mita 10 lilipewa kibao kisichozidi mita moja na nusu za mraba, na jengo lenye uso wa mita 10 na zaidi, lakini usiofika mita 100, lilipewa mita 4. Kampuni za matangazo zilipiga kelele kwamba uchumi utakufa. Uchumi haukufa. Kisha mji ukaja kuruhusu matangazo kwenye vituo vya mabasi na kwenye saa za mitaani, kwa mkataba, ili fedha zirudi kwa umma. Jambo la kujifunza hapo ni usawa wa kipimo: mwenye duka la mkate na mwenye benki, wakiwa na nyuso za nyumba zilizo sawa, wana vibao vilivyo sawa.

Nasi tusijidanganye kwamba jina la urithi wa dunia likishaandikwa halifutiki. Bonde la Elbe katika mji wa Dresden, Ujerumani, lilifutwa katika orodha hiyo mwaka 2009 kwa sababu ya daraja. Liverpool, Uingereza, ilifutwa mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya ya ufukweni. Vibao havikuwa sababu katika miji hiyo miwili. Lakini fundisho ni moja: mji wa kale hupoteza sura yake kwa ruhusa ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, kila moja ikidhaniwa haina madhara. Na Zanzibar, ambayo wananchi wake wengi hula kutokana na wageni wanaokuja kuutazama mji huo, ina mengi ya kupoteza. Mpishi, mwendesha boti, muuza viungo, mfua nguo wa hoteli, dereva na mwongoza wageni wote wanategemea kuta hizo. Ukuta ukichakaa, mshahara wao nao huchakaa.

Basi sisi twapendekeza mambo sita.

Kwanza, kiwekwe kipimo kimoja cha kibao kwa kila mtaa, kulingana na upana wa uso wa duka na upana wa njia, na kipimo hicho kimshike kila mtu, awe mwenye hoteli ya kitajiri au muuza urojo. Kibao kiwe cha mbao au chuma, kisiwe na taa ndani yake, wala kisifunike nakshi, dirisha au maandishi ya kale. Kifungwe kwa namna isiyoumiza ukuta.

Pili, majina ya bidhaa za makampuni yasiwe na nafasi ukutani katika eneo la hifadhi. Kibao kitaje duka na kazi ya duka, basi.

Tatu, kwenye njia panda kuu za Darajani, Mkunazini, Hurumzi, Shangani na Malindi, viwekwe vibao vya pamoja vya kuonesha njia, vikiorodhesha maduka ya ndani kwa herufi zilizo sawa na kwa ada ndogo. Hili ndilo jawabu la ndugu yetu wa kichochoro cha tatu. Bila ya hili, mengine yote yatakuwa ni dhuluma.

Nne, Kiswahili kitangulie. Ni aibu mtu kutembea mtaa mzima katika mji uliokipa Kiswahili sanifu lahaja yake ya Unguja, asione neno moja la Kiswahili sanifu juu ya mlango. Lugha za wageni zifuate chini yake, maana mgeni naye ana haki ya kuelewa. Lakini mwenyeji asiwe wa pili nyumbani kwake.

Tano, kazi ya kutengeneza vibao hivyo wapewe mafundi wetu. Tunao mafundi wa nakshi, wahunzi, na wachoraji wa herufi. Tunayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali inayofundisha vijana kazi za mikono. Kila kibao cha plastiki kinachoagizwa kutoka nje ni ujira uliovuka bahari. Kila kibao cha mbao kinachochongwa hapa ni chakula cha jioni katika nyumba ya fundi.

Sita, utaratibu wa kupata kibali uwe mwepesi. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Ada ijulikane na ibandikwe hadharani. Jibu litolewe kwa siku zisizozidi kumi na nne. Kibali kigumu ni baba wa rushwa.

Kuhusu utekelezaji tunalo neno la kusisitiza. Kazi ianzie juu. Wenye vibao vikubwa wapewe siku sitini, na wenye vibao vidogo wapewe mwaka mzima, tena wasaidiwe. Tusije tukasikia kwamba askari wa manispaa wamekwenda alfajiri kukusanya vikapu vya kina mama, hali bango la taa linalong'aa juu ya jengo la tajiri limeachwa kwa kuwa mwenyewe "anazungumza na wakubwa". Sheria inayoruka ghorofa ya juu na kutua barazani haiwezi kuheshimiwa, wala haistahili.

Na huko juu kuna wa kwanza kuliko matajiri. Ni Serikali, mashirika ya umma, na Chama chenyewe. Ofisi za umma zilizomo katika majengo ya kale ziwe za kwanza kushusha vibao vyao vilivyozidi kipimo. Na kila baada ya miaka mitano, wakati wa uchaguzi unapofika, picha za wagombea na bendera zisibandikwe kwenye milango ya nakshi na kuta za chokaa, ziwe ni za chama chochote kile. Gundi ya bango haijui siasa. Ikikauka hubandua lipu ya tawala zote sawasawa. Mgombea anayetaka kura za Mji Mkongwe na apite nyumba kwa nyumba, aketi barazani, awasikilize watu. Mwanachama atakayemwona mwenzake na ndoo ya gundi mbele ya ukuta wa kale ana wajibu wa kumzuia, na akimzuia atakuwa amekitumikia Chama.

Wafanyakazi wa Mamlaka ya Mji Mkongwe nao wana haki ya kuungwa mkono. Mkaguzi mmoja anayekwenda kumwambia mwenye hoteli ashushe bango anahitaji kujua kwamba nyuma yake upo umma. Matawi yetu ya Shangani, Malindi, Kiponda na kwingineko yaweke jambo hili katika ajenda za mikutano yao. Shehia ziorodheshe vibao vilivyopo, mtaa kwa mtaa, ili sheria ianze na hesabu ya kweli. Vyama vya wafanyakazi wa hoteli na vya waongoza wageni vitoe maoni yao, kwani wao wanayajua mambo ambayo hayafiki mezani kwa wakubwa.

Mwacha asili ni mtumwa. Waliotutangulia walichukua mji uliojengwa kwa ajili ya wachache wakaukabidhi kwa wengi. Itakuwa ajabu, tena aibu, ikiwa sisi tulioukuta mikononi mwa wengi tutauacha urejee kwa wachache, si kwa bunduki wala kwa hati, bali kwa misumari, kibao baada ya kibao. Mamlaka na ishike kipimo, mafundi na washike tezo na nyundo, na kazi ianze kwa vile vilivyo vikubwa.